Mdudu wa Jiwe la Michembe

Jumapili, mwezi wa nane. Nyumbani, nje kidogo ya Dutwa.

Jua linawaka tangu saa tatu na upepo unapuliza vumbi hadi kwenye chai. Pamba imeshavunwa, kilichobaki shambani ni miti yake mikavu na nyuzi nyeupe zilizonasa kwenye miiba. Nimekaa upande wa kivuli wa nyumba ya kaka yangu Masanja, kompyuta iko mapajani. Siumwi, sina njaa. Nina aibu.

Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wangu nusura uponze kichwa cha mama yangu.

Niandike kwa utaratibu, maana nikiruka jambo nitaanza kujitetea, na leo sitaki kujitetea. Mama ameniruhusu kuandika habari zake hapa kwenye blogu kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje. Akaongeza kuwa la kwangu nilitaje, watu wajue aliyesababisha. Haya. Mimi ni Minza.

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: ninasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, na kwa mwaka mmoja na nusu kazi yangu imekuwa kuchora ramani ya jenomu ya bakteria mmoja. Jenomu ni maandishi yote ya kiumbe, yale yanayoueleza mwili wake ujengweje na ujitunzeje. Bakteria wangu akikua kwenye sahani ya maabara anatoa madoa ya rangi ya waridi iliyokolea, na sifa yake kubwa ni kwamba anastahimili mionzi. Wapo jamaa zake wanaojulikana duniani, walishasomwa zamani na watu wenye mashine kubwa kuliko zetu. Huyu wa kwangu alikuwa hajasomwa na mtu. Nilimtoa hapa hapa nyumbani, kwenye jiwe tunaloanikia michembe.

Kwa wasio wa huku, michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba na kukaushwa juani. Ni akiba ya miezi ambayo shamba halina kitu. Nyuma ya nyumba yetu kuna bamba la jiwe pana kama sebule mbili, na wanawake wa kaya tatu wameanika hapo tangu bibi yangu hajaolewa. Mchana huwezi kulikanyaga peku. Niliwaza kwamba kiumbe kinachoishi kwenye ukavu na jua la namna ile hakishindwi na mengi, kwa sababu ukavu nao hukatakata jenomu kama mionzi inavyofanya. Basi nikafuta vumbi la jiwe kwa pamba safi, nikalitia kwenye kichupa na kwenda nalo chuoni. Nilibahatika.

Kazi yenyewe ya ramani haina mbwembwe. Mashine ya kusomea ni ndogo kama rimoti ya televisheni, nayo haisomi jenomu nzima kwa mkupuo. Inasoma vipande, maelfu kwa maelfu, vimechanganyika kama viazi gunia. Wewe na kompyuta mnatafuta mwisho wa kipande hiki unaofanana na mwanzo wa kile, mnaunganisha, mnaendelea, hadi duara lifunge. Kuna mahali nilikwama miezi minne. Mwishowe yakatokea maduara matatu. Mawili makubwa nikayaita Kulwa na Doto. La tatu, dogo, nililidhania uchafu ulioingia kutoka kwa bakteria mwingine, nikalitupa, halafu nikalirudisha kwa aibu. Hilo nikaliita Shija. Msimamizi wangu, ambaye si mtu wa huku, aliniuliza Shija ndiyo nini. Nikamwambia kila Msukuma anajua kwamba mtoto anayezaliwa baada ya mapacha anaitwa Shija, hata kama hukumtarajia.

Duara la Doto lilifunga Jumatano hii, saa nne asubuhi. Nilipiga kigelegele peke yangu maabara, mlinzi akaja kuchungulia. Saa nne na nusu Masanja akapiga simu.

"Mama amegoma kurudi Mwanza," alisema. "Leo siku ya tatu."

Mama ana saratani ya mlango wa kizazi. Iligundulika mwanzoni mwa mwaka, madaktari wakasema imewahiwa na inatibika. Alipangiwa kupigwa mionzi siku ishirini na tano, Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na dripu mara moja kwa wiki. Siku za matibabu anakaa Mwanza kwa shangazi, Ijumaa jioni Masanja anamrudisha nyumbani. Alikuwa amemaliza siku kumi. Jumatatu hii basi lilipiga honi barabarani, yeye akasema haendi, akaingia ndani. Masanja alidhani ni uchovu wa siku moja, ndiyo maana alichelewa kuniambia.

Kwenye tiba ile kuruka siku si jambo dogo. Ugonjwa ulioachwa katikati unapata nafasi ya kuota upya, na ukishaota upya madaktari wanabaki na machache ya kufanya. Hilo nililijua bila kumuuliza mtu. Nilimwachia mwenzangu vichupa vyangu, Alhamisi alfajiri nikapanda basi.

Ijumaa asubuhi nilishuka Dutwa. Wanawake waliokuwa wakiuza nyanya kituoni walinisalimia, mwangaluka mayu, nami nikaitikia, na kwa dakika chache nilijisikia mtu wa kawaida aliyekuja kusalimia nyumbani. Kisha nikapita nyuma ya nyumba.

Jiwe lilikuwa tupu.

Mwezi wa nane, viazi vimejaa kila nyumba, na jiwe halina hata kipande kimoja! Wifi yangu, mke wa Masanja, alikuwa ameanika michembe kwenye turubai kuukuu karibu na zizi, kuku wanapita juu yake. Nilimuuliza kulikoni.

"Mama amekataza," alisema. "Hata Mayu Kwandu wa hapo jirani naye ameacha kuanika kwenye jiwe."

"Kwa nini?"

Akanitazama kidogo. "Si wewe uliyesema, wifi?"

Sasa nirudi nyuma mwezi mmoja, kwenye jambo lenyewe. Nilikuwa nimekuja likizo ya wiki moja, kabla mama hajaanza mionzi. Tulikuwa uani tunamenya viazi: mama, wifi, Mayu Kwandu na mimi. Mayu Kwandu akaniuliza huko Dar ninasomea nini ambacho hakiishi. Nikasema ninachora ramani ya mdudu. Yule mama hana dogo. "Ramani? Kwani huyo mdudu anaishi mtaa gani?" Wote wakacheka. Nami nilikuwa na hamu ya kuonekana, niseme ukweli. Miaka yote hii nimerudi nyumbani bila mume na bila gari, na kila mara nikiulizwa kazi yangu nababaika. Siku ile nikaamua nitaeleza kitu kitakachowafunga midomo.

Nikasema mdudu huyo nimemtoa kwenye jiwe letu, lile pale. Nikasema ana nguvu kuliko kiumbe chochote mnachokijua. Nikasema mionzi inayotosha kumuua mtu mara nyingi, yeye haimchubui hata ngozi.

Walinyamaza. Nilifurahi walivyonyamaza.

Hilo la mwisho halikuwa kweli. Si kwamba nilipunguza maneno ili nieleweke, la. Nilijua si kweli, tena mimi ndiye ninayejua kuliko mtu yeyote Simiyu nzima, kwa sababu nimeona kwa macho yangu mionzi inavyomfanya. Nilitia chumvi kwa kuwa ilinoga. Na neno "mdudu" nililitumia kwa uvivu, maana ndilo tunalolitumia sote kwa kila kisichoonekana: mdudu wa malaria, mdudu wa kipindupindu, mdudu wa ukimwi.

Ijumaa ile mama alikuwa ndani, amelala kwa ubavu, hajasinzia. Amepungua. Nilimsalimia kwa goti, nikakaa kwenye mkeka. Mwanzo alisema amechoka. Halafu akasema chakula cha Mwanza hakimpandi. Nilisubiri. Mama yangu ni mtu ambaye ukimsukuma anajifunga, ukinyamaza anafungua mwenyewe.

"Muuguzi alitukalisha wagonjwa wote akatufundisha," alisema mwishowe. "Akasema ugonjwa huu unaletwa na mdudu. Na wewe ukaja hapa ukasema kuna mdudu kwenye jiwe letu, mionzi haimchubui. Mimi nimekula michembe ya jiwe lile tangu niolewe. Sasa niambie, ng'wanone, mwanangu, kule Mwanza naenda kufanya nini? Naungua mimi, mdudu amekaa ananitazama?"

Alikuwa ameanza kuwaza hivyo tangu siku ya kwanza alipolazwa kwenye ile mashine. Alivumilia wiki mbili kwa ajili ya Masanja. Alipoanza kuharisha na ngozi kuwasha, akaona hesabu haimlipi.

Nataka msomaji anielewe hapa, kwa sababu najua wapo watakaosema "wazee wa vijijini bwana". Mama yangu hakukosea kufikiri. Muuguzi, mtu aliyesoma, alisema mdudu. Mimi, mtu niliyesoma, nilisema mdudu. Jiwe ni lile lile, michembe ni ile ile. Alizipanga habari alizopewa na watu anaowaamini, akafika pale ambapo mtu yeyote mwenye akili angefika. Mwanafunzi mwenzangu angenionyesha kazi iliyopangwa hivyo ningemsifu. Data ndiyo ilikuwa mbovu, na data niliitoa mimi.

Badala ya kusema hayo, nilifanya kosa la pili. Nilimfundisha. Nikaanza na virusi na bakteria na tofauti zao, nikaingia kwenye seli, nikasema saratani yenyewe si mdudu kabisa, ni nyama ya mwili wake iliyoacha kusikia amri. Nilimwona akizidi kwenda mbali nami huku amekaa pale pale.

"Muuguzi anasema mdudu. Wewe unasema si mdudu, ni mwili wangu. Nimsikilize nani, na nyie wote mmesoma?"

Nikapaza sauti. Ndiyo, nilimpigia kelele mama mgonjwa aliye kitandani. Nilisema kama anataka kufa aseme. Akageukia ukutani, nami nikatoka nje nikakaa juu ya kinu, nikalia kama mtoto mdogo. Masanja alipita na ndoo ya maji ya ng'ombe, akanitazama, akapita zake. Ni mtu mwenye heshima.

Wifi ndiye aliyenitoa gizani, na sidhani kama anajua. Alikuja kuchukua kinu, akasema kwa sauti ndogo kwamba mama haogi sawasawa tangu Jumatatu. Anajipangusa kwa kitambaa, kiunoni hapagusi. Pale hospitali walimchora alama za wino, za kuonyesha mashine ipige wapi, wakamwambia asizifute hadi amalize.

Wiki nzima amegoma, na alama hajazifuta.

Jana Jumamosi asubuhi nilimpigia daktari wa Mwanza, namba nilipewa na shangazi. Nilitegemea kufokewa. Alinisikiliza hadi mwisho, akavuta pumzi, akasema, "Mlete Jumatatu, tutapanga upya. Lakini asikose tena." Nilimuuliza nimweleze mama vipi kwa nini ni kila siku na si mara moja kwa wiki. Akasema jambo ambalo mimi, pamoja na usomi wangu wote wa mionzi, sikuwahi kulisema kwa maneno mepesi namna ile: mionzi inavunja vyote viwili, nyama nzima na ugonjwa, usiku nyama nzima inajitengeneza vizuri, ugonjwa unajitengeneza vibaya kwa sababu una haraka ya kuongezeka, kesho yake unaupiga tena kabla haujakaa sawa. Nilishukuru, nikakata simu.

Ndiyo kazi yangu yenyewe! Mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikisoma namna kiumbe kinavyojitengeneza baada ya kuvunjwa, na ilibidi nisomewe na mtu mwingine kwa simu ndipo nione kwamba inamhusu mama.

Nilichukua kompyuta nikaingia ndani. Nilifungua ramani, nikamwekea mbele. Ni maduara yaliyojaa mistari ya rangi, kila mstari ni jeni. Mama aliangalia muda mrefu.

"Ungo huu," alisema.

"Ndiyo huyo mdudu wa kwenye jiwe, mama. Yote aliyo nayo yameandikwa hapa."

"Mbona wako watatu?"

"Huyu Kulwa, huyu Doto. Na huyu mdogo Shija."

Alicheka. Kicheko kifupi, kilichomalizikia kwenye kikohozi, lakini alicheka. Aliniuliza nani kawapa majina, nikasema mimi, akatikisa kichwa. Akauliza kama huyu Shija ni mtundu kama Shija, mtoto wa mjomba. Nikasema zaidi, huyu nilimtupa akarudi.

Kisha nikasema lililonileta. Nilimwambia, mama, siku ile uani nilisema uongo.

Alinitazama sasa.

"Nilisema mionzi haimchubui. Inamchubua. Inamvunja vipande vipande, mamia. Nimeona mwenyewe. Ukimpiga mionzi halafu ukamwangalia saa ile ile, hana duara, hana chochote, ni makombo matupu."

"Halafu?"

"Halafu anajishona."

Nilitafuta mfano. Mama ni wa kwaya ya kina mama, miaka zaidi ya ishirini sasa, na kuna mwaka mbuzi waliingia kanisani wakararua vitabu vya nyimbo. Nikamkumbusha. Nikasema kila kitabu kilichanika mahali pake: changu kwenye ubeti wa pili, chako kwenye ubeti wa nne. Kina mama waliketi chini, wakaviweka sambamba, kilichokosekana huku wakakipata kule, hadi wakapata nyimbo zote. Mdudu wa jiwe anafanya hivyo. Ana nakala kadhaa za maandishi yake, na ana mafundi ndani yake wanaofanya kazi bila papara. Hakimbilii kuzaa akiwa amevunjika. Anatulia kwanza, anashona, baada ya saa chache yuko mzima.

Mama alikuwa akifuata kila neno. Aligusa kioo kwa kidole, juu ya Doto.

"Kwa hiyo mionzi inampata."

"Inampata, mama. Inampata kama inavyompata kila chenye uhai."

"Ng'hana?"

"Kweli kabisa. Na kwenye michembe hana neno na mtu. Hajamuumiza mtu tangu jiwe liwe jiwe."

"Na huyu wa kwangu?"

Hapo nilichagua. Ningeweza kurudi kwenye seli na virusi, nimfute kabisa yule mdudu kichwani mwake. Nilimwacha. Nikamweleza maneno ya daktari: huyo wako akivunjika hatulii, anakimbilia kuongezeka na mapande yake hivyo hivyo, kwa hiyo anashona ovyo. Nyama yako nzima inashona vizuri, ndiyo maana wanaipumzisha usiku na mwisho wa wiki. Kesho yake anapigwa tena kabla hajakaa sawa. Kazi ya siku ishirini na tano ni hiyo.

Nilidhani nimeshinda. Nikamwona anahesabu kwa vidole juu ya shuka: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Uso wake ukabadilika.

"Basi nimempa siku tano za kushona," alisema.

Hili sikuwa nimejiandaa nalo. Nilitaka aelewe, lakini sikuwaza kwamba akielewa ataelewa lote. Ulimi uliniwasha kusema hapana, siku tano si kitu, usijali. Lakini zilikuwa zimepita dakika tano tu tangu niungame uongo mmoja.

"Ndiyo, mama. Umempa. Na mimi ndiye niliyekufanya umpe. Daktari anasema tusimpe ya sita."

Alijifunika hadi kidevuni, akaniomba nimletee uji. Nilimletea, akanywa nusu. Jana mchana kutwa hakulizungumza tena, nami sikumsukuma. Masanja aliniuliza kwa macho, nikamjibu kwa mabega. Hakuna aliyepata usingizi mzuri hapa nyumbani.

Leo asubuhi alikwenda kanisani kwa miguu, mimi na wifi pembeni yake, tukipumzika kila baada ya shamba moja. Kwaya ilipoimba hakusimama nao, alikaa kwenye benchi akafuatisha kwa midomo. Ibada ilipokwisha watu walimzunguka kumpa pole. Nilisikia mmoja akimuuliza ni lini atarudi Mwanza, na mama akajibu habari za mvua.

Tulirudi saa sita. Nilikuwa nimekata tamaa, nikaja hapa kivulini kuanza kuandika haya. Ndipo Mayu Kwandu akapita uani kuja kumjulia hali mama, nami nikamsikia akisimama ghafla mlangoni.

"Mama Masanja, begi la nini hilo?"

Niliacha kuandika. Dirisha liko juu ya kichwa changu, nasikia kila kitu.

"La Mwanza," mama alisema.

"Yaya! Si ulisema huendi? Si mtoto wako mwenyewe alituambia hapa hapa, mdudu hafi kwa mionzi?"

Nilisikia zipu ikivutwa, ikakwama, ikavutwa tena.

"Wa Minza ana akili yule," mama alisema. "Akivunjika anatulia, anashona. Huyu wangu mpumbavu. Anavunjika, halafu anakimbilia kuzaa."

Mayu Kwandu alicheka hadi nikasikia mkono wake ukipiga mlango. Mama naye akacheka, na wifi, ambaye sikujua kama yumo. Nilifungua mdomo niwasahihishe kupitia dirishani, niseme kwamba si mdudu, kwamba ni seli, kwamba neno hilo ndilo lililotufikisha hapa. Nikaufunga.

Basi la Mwanza linapita saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nitakuwa naye kwenye kiti cha pembeni, na nitabaki Mwanza hadi siku ya ishirini na tano. Nimemwandikia msimamizi wangu kwamba ripoti ya ramani itachelewa. Hajajibu. Akikasirika, akasirike.

Kuna jambo moja ambalo mama hakuniuliza na mimi sikumwambia. Daktari alilisema mwishoni, kabla sijakata simu: magonjwa hayafanani, mengine hushona vizuri kuliko tunavyotegemea, na huwezi kujua kabla ya kumaliza. Mdudu wa jiwe namjua herufi kwa herufi, naweza kukuambia kila fundi wake amekaa wapi. Huyu wa mama hakuna aliyemchorea ramani.

Ee Mungu, awe mpumbavu kweli.